Njia Panda ya Tabora: Jinsi ya Kuchagua Masomo ya Kidato cha Tano



Mwanzoni mwa muhula huu mwalimu wetu wa taaluma aliingia darasani na bunda la fomu mkononi, akamgawia kila mtu ya kwake. Zilikuwa fomu za kuchagua tahasusi, yaani yale masomo matatu ambayo mwanafunzi, akijaliwa kufaulu, atayasoma Kidato cha Tano na cha Sita. Akasema, "Jazeni kwa penseli kwanza. Kisha mkafikiri. Ndipo mwandike kwa wino." Wengi darasani walicheka. Mimi sikucheka. Nina umri wa miaka 17, na siku ile sikujua kabisa nataka kuwa nani.

Naamini wako wengi walio katika hali hiyo, ingawa wachache hukubali kusema. Mwenzetu akiulizwa mbele ya watu hujibu upesi, "Nitakuwa daktari," au "Nitakuwa mhandisi," kwa kuwa jibu hilo huwafurahisha wakubwa. Usiku bwenini, taa zikishazimwa, ndipo husema kweli. Basi nimeona yafaa niandike katika jarida letu yale niliyoyapata kwa kuuliza walimu, kwa kusoma, na kwa kuzungumza na baba yangu. Huenda yakawafaa wadogo zetu wanaokuja nyuma, na wazazi pia wakayasoma.

Tahasusi ni nini?

Kwa ajili ya wale wa Kidato cha Kwanza na cha Pili, nieleze kidogo. Mtihani wa Taifa wa Kidato cha Nne hufanywa mwezi wa Novemba. Mwanafunzi atakaye kuendelea Kidato cha Tano yampasa apate A, B au C katika masomo yasiyopungua matatu. Huko hasomi tena masomo mengi kama sisi, bali matatu makubwa, pamoja na machache madogo ya kusindikiza. Hayo matatu huitwa kwa herufi za majina yake ya Kiingereza. PCM ni Fizikia, Kemia na Hisabati. PCB ni Fizikia, Kemia na Biolojia. PGM ni Fizikia, Jiografia na Hisabati. CBG ni Kemia, Biolojia na Jiografia. EGM ni Uchumi, Jiografia na Hisabati. HGE ni Historia, Jiografia na Uchumi. HGL ni Historia, Jiografia na Kiingereza. HKL ni Historia, Kiswahili na Kiingereza. Na nyingine kadha wa kadha.

Mwaka 2024 Serikali ilitangaza tahasusi mpya 49, zikaongezwa juu ya 16 za zamani, zikawa 65. Sasa ziko hata za michezo, za sanaa na za lugha za kigeni. Hilo ni jambo jema, kwa sababu vipaji vya watu si namna moja. Lakini aliyekuwa akichanganyikiwa mbele ya 16, atafanyaje mbele ya 65? Tena si kila shule inazifundisha zote. Kwa hiyo wingi wa njia haumwondolei mtu kazi ya kuchagua. Huenda hata unamwongezea.

Mji wetu una la kutufundisha

Sisi tunaosoma Tabora tunakaa mahali panapoweza kutufunza jambo hili vizuri. Zamani, kabla ya reli, misafara ilitoka Bagamoyo pwani ikaja bara kwa miguu. Njia ile kuu, kutoka Bagamoyo mpaka Ujiji, ina urefu wa kama kilomita 1,200. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walichukua nguo, shanga na nyaya wakija bara, na pembe za ndovu wakirudi pwani. Mzigo wa mtu mmoja ulikuwa kama kilo 30. Babu yangu husema kwamba babu yake alikuwa mmoja wao, na kwamba bega lake moja lilikuwa na sugu mpaka siku ya kufa kwake.

Misafara ilipofika hapa Unyanyembe ilipumzika, ikanunua chakula, ikaajiri wapagazi wapya, kisha ikagawanyika. Wengine walishika njia ya magharibi kwenda Ujiji na Ziwa Tanganyika. Wengine walikwenda kaskazini, Karagwe na Buganda. Wengine walikwenda kusini-magharibi mpaka Katanga. Reli nayo ilifuata desturi ile ile. Ilifika Tabora mwaka 1912, ikafika Kigoma mwaka 1914, na tawi la kwenda Mwanza likakamilika mwaka 1928. Kila anayekuja shuleni kwetu kwa treni anajua kwamba Tabora ni mahali ambapo njia zinaachana.

Sasa fikirini. Wako wasafiri waliokata shauri hapa hapa Tabora, baada ya kupata habari za mbele. Mwaka 1858 Waingereza wawili, Burton na Speke, walikuwa wamerudi hapa kutoka Ujiji. Kwa wafanyabiashara Waarabu wa Tabora walikuwa wamesikia habari za ziwa jingine kubwa upande wa kaskazini. Burton alibaki. Speke aliondoka mwezi wa Julai, na mwezi wa Agosti akaliona ziwa lile ambalo wenyeji walilijua tangu zamani, na ambalo yeye aliliita Victoria. Alipotoka pwani mwaka 1857 hakuwa amepanga safari ile ya Julai. Lakini alikuwa amefika mahali penye njia nyingi, alikuwa bado na nguvu za kutembea, na alikuwa amesikiliza wenye habari.

Mambo hayo matatu ndiyo kanuni ninayotaka kuieleza. Mwanafunzi asiyejua mwisho wa safari yake na achague masomo yanayofika penye njia nyingi, ambayo miguu yake inaweza kweli kuyatembea, na achague baada ya kuuliza. Si lazima ajue leo kama mwisho ni Ujiji au Buganda. Lakini ni lazima afike Tabora, tena afike mzima.

Yafaa pia tukumbuke kwamba si wote waliopita njia ile walichagua. Watu wengi sana walipitishwa humo kama watumwa, wakapelekwa pwani kwa nguvu. Hakuna aliyewauliza, "Wewe wataka kwenda wapi?" Nikikumbuka hayo naona aibu kulalamika kwamba kuchagua ni kugumu. Kuulizwa ni heshima.

Kisa cha kaka yangu

Kosa kubwa nililoliona kwa macho yangu ni la kaka yangu mwenyewe, naye amenipa ruhusa niliandike. Kaka alikuwa hodari wa Historia na Kiswahili. Huko alipata A. Katika masomo ya sayansi alipata C. Marafiki zake watatu waliandika PCB, naye akaandika PCB ili wasiachane. Majina yalipotoka, kila mmoja alipangiwa shule yake, huyu mkoa huu na yule mkoa ule! Marafiki wakatawanyika, kaka akabaki peke yake na Fizikia. Akajitahidi miaka miwili, akisoma mpaka usiku wa manane, lakini mtihani wa Kidato cha Sita ulimshinda. Akarudi nyumbani, akakaa mwaka mzima akimsaidia baba katika tumbaku, wala hakupenda mtu amwulize habari za shule.

Namshukuru Mungu kisa hakikuishia hapo. Kaka alisikia habari za Chuo cha Nyuki kilichopo hapa hapa Tabora, akaomba nafasi kwa cheti chake cha Kidato cha Nne, akaingia. Leo anafuga nyuki, anarina asali, na anawafundisha wanavijiji kutengeneza mizinga iliyo bora. Yeye husema kwa mzaha kwamba ile Biolojia ya PCB haikupotea bure. Lakini husema pia kwamba njia ilikuwa ndefu bila sababu.

Habari hiyo hunikumbusha Stanley. Mwaka 1871 alikuwa Kwihara, karibu na mji wetu, akitaka kwenda Ujiji kumtafuta Livingstone. Njia ya moja kwa moja ilikuwa imefungwa kwa vita baina ya Mirambo na Waarabu wa Unyanyembe. Alikaa karibu miezi 3, na mwezi wa Septemba akaamua kuzunguka upande wa kusini. Alichelewa, lakini alifika Ujiji, na Livingstone akamwona. Basi aliyefungiwa njia asikae chini kulia. Kidato cha Tano si njia pekee. Wako wanaotoka Kidato cha Nne moja kwa moja wakaenda vyuo vya ufundi, vya afya, vya ualimu, vya kilimo, na wengine hufika chuo kikuu kwa njia hiyo ya kuzunguka. Lakini si busara kuzunguka kwa makusudi ati kwa sababu rafiki yako amepita huko.

Maswali ya kujiuliza

Baada ya kuwauliza walimu wangu, nimekusanya maswali manne. Kila mmoja aweza kuyajibu akiwa na karatasi na penseli.

Swali la kwanza: Naweza kubeba mzigo gani? Usitazame mtihani mmoja uliokuja na bahati. Tazama ripoti zako zote tangu Kidato cha Kwanza. Somo ambalo alama zake zimekaa juu mwaka hata mwaka, hata alipobadilika mwalimu, hilo ndilo mzigo unaokaa begani mwako. Masomo ya Kidato cha Tano ni mazito kuliko ya Kidato cha Nne, nayo husomwa kwa muda mfupi. Aliyeyaingia kwa C ya kubahatisha atachoka mapema.

Swali la pili: Ni somo gani nalifanya bila kusukumwa? Yuko mwenzangu ambaye akipewa muda wa kupumzika hufungua redio mbovu aone ndani mna nini. Mwingine huandika mashairi nyuma ya daftari la Hisabati. Hizo ni dalili. Hazitoshi peke yake, lakini mtu asizidharau.

Swali la tatu: Mlango gani ukifungwa haufunguki tena kwa urahisi? Hapa yapasa kuwa macho. Udaktari wa binadamu hudai Fizikia, Kemia na Biolojia, zote tatu. Anayechukua CBG anaweza kwenda kwenye kilimo, misitu au mazingira, lakini mlango wa udaktari ameuacha, kwa kuwa hana Fizikia. Uhandisi wa majengo na barabara hudai Fizikia na Hisabati. Kwa hiyo aliyechukua PCB bila Hisabati kubwa atakuta milango mingi ya uhandisi imefungwa. Kwa ujumla, kutoka sayansi kwenda sanaa ni rahisi kuliko kutoka sanaa kurudi sayansi. Kama una hamu ya kweli ya sayansi na alama zako zinakuruhusu, usiiache upesi. Lakini mlango ulio wazi usioweza kuufikia kwa miguu yako haukufai kitu. Ndivyo ilivyokuwa kwa kaka.

Swali la nne: Namkimbia nani? Wengine huchagua tahasusi si kwa kuipenda, bali kwa kuikimbia Hisabati, au kwa kumkimbia mwalimu mmoja mkali. Mwalimu huyo hamtakuwa naye huko mwendako. Hisabati nayo utakutana nayo mbele, katika uchumi, katika biashara, hata katika kuhesabu mizinga ya nyuki. Kama huiwezi kabisa, basi ni jambo jingine. Lakini kama ni uvivu, ni afadhali uungame mapema.

Masomo yaliyo kama njia panda

Walimu walinionyesha jambo moja ambalo sikuwa nimelitambua. Yako masomo ambayo yenyewe ni kama Tabora. Jiografia ni mojawapo. Itazameni: imo katika PGM na CBG upande wa sayansi, imo katika EGM na HGE penye uchumi, imo katika HGL upande wa sanaa. Mtu aliyeisoma vizuri aweza kuelekea upimaji wa ardhi, mipango miji, hali ya hewa, mazingira, utalii au ualimu, kwa kutegemea masomo mawili aliyoyaambatanisha nayo. Hisabati ni ya namna hiyo pia. Imo katika PCM, PGM na EGM. Na anayejua Kiingereza au Kiswahili sawasawa hukuta njia za sheria, uandishi wa habari, ualimu na tafsiri zikimngoja. Kwa hiyo asiyejua kazi yake ya baadaye na atafute katika tahasusi yake angalau somo moja la namna hii, ambalo yeye mwenyewe analimudu.

Kisha aende kuuliza. Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) hutoa mwongozo unaoonyesha kila shahada inadai masomo gani, na Baraza la Taifa la Elimu ya Ufundi na Mafunzo ya Ufundi Stadi (NACTVET) hutoa wake kwa vyuo vya cheti na diploma. Miongozo hiyo hupatikana katika tovuti zao. Mwalimu wa ushauri akiombwa kwa adabu atamsaidia mtu kuisoma. Mimi nilikaa nayo Jumamosi moja nzima, nikaanza upande wa nyuma: nilitafuta kwanza kazi zinazonivutia kidogo, hata zile nisizo na hakika nazo, nikaandika masomo zinayodai, kisha nikatazama ni tahasusi gani inarudi mara nyingi. Hiyo ni njia rahisi, nami naisifu.

Mtu mmoja wa Tabora

Labda mtu ataniuliza, "Je, nikichagua leo, nimejifunga maisha yangu yote?" La. Namtolea mfano wa mtu ambaye kila Mtanzania anamjua. Julius Nyerere alikuja kusoma Tabora mwaka 1937. Kutoka hapa alikwenda Makerere, Uganda, mwaka 1943, kujifunza ualimu. Alirudi Tabora akafundisha katika shule ya St. Mary's tangu mwaka 1946, na masomo aliyofundisha yalikuwa Biolojia na Kiingereza. Mwaka 1949 alikwenda Edinburgh, Scotland. Huko alianza kwa masomo mafupi ya Kemia na Fizikia, kisha akaingia upande wa sanaa, akasoma uchumi, historia, falsafa na mengine, akapata shahada mwaka 1952. Mwaka 1954 chama cha TANU kilianzishwa naye akiwa rais wake, na mwaka 1955 akaacha ualimu. Hata baada ya kuwa kiongozi wa nchi aliitafsiri tamthilia ya Shakespeare, Julius Caesar, ikatoka kwa Kiswahili mwaka 1963.

Basi mwalimu wa Biolojia wa Tabora akawa Baba wa Taifa. Sisemi kwamba kila mwalimu wa Biolojia atakuwa rais, wala kwamba mtu achague ovyo ati mambo yatajinyoosha mbele. Nasema kwamba kila alichosoma alikisoma sawasawa, kwa hiyo kila njia panda aliyoifikia ilimkuta yuko tayari. Hakupoteza muda wake kwa kuwa mwalimu kwanza.

Mazungumzo na baba

Nimeacha la kwangu mwisho, kwa kuwa ni gumu kuliko mengine. Baba yangu ni mkulima wa tumbaku Urambo. Miaka 8 iliyopita mdogo wangu wa kike alishikwa na homa kali usiku, wakati wa masika. Baba alimpakia juu ya baiskeli, mama akimshikilia kwa nyuma. Penye mbuga barabara ilikuwa imefunikwa na maji, wakangoja kuche. Mtoto alifariki pale pale kando ya maji, kabla ya kufika hospitali. Tangu siku hiyo baba alisema kwamba mtoto wake mmoja lazima awe daktari. Kaka alipoandika PCB kwa ajili ya marafiki, baba alifurahi sana bila kujua sababu yake. Kaka aliposhindwa, zamu ikawa yangu.

Lakini ripoti zangu zasema mambo mengine. Jiografia haijapata kushuka chini ya B. Hisabati ni B na C. Kemia ilikuwa C mara moja, na D mara nyingi. Nilikwenda likizo nimezichukua ripoti zote ndani ya begi, na fomu ya penseli ndani yake, nikakaa siku tatu nisiweze kusema.

Siku ya nne tulikuwa chini ya mwembe tukifunga tumbaku. Nikasema, "Baba, nina jambo." Akasema, "Sema, mwanangu." Nikamwonyesha ripoti, moja baada ya moja. Hakusema neno. Nikamwambia, "Baba, mimi sijakataa kuwa daktari. Ila Kemia na Biolojia zinanishinda, nami naogopa kupita njia aliyopita kaka." Akauliza, "Na mdogo wako?" Nilikuwa nikiliogopa swali hilo. Nikajibu niliyokuwa nimeyafikiri usiku mwingi: "Usiku ule, baba, daktari alikuwapo hospitali. Aliyekosekana ni wa barabara."

Nikamweleza kwamba wako watu ambao kazi yao ni kupima ardhi na kuchora ramani, kuonyesha maji yatajaa wapi, watu wangapi wanakaa wapi, na zahanati ijengwe upande gani wa mbuga ili mgonjwa asivuke. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu Watanzania 61,741,120. Yuko aliyezipanga hesabu hizo ili Serikali ijue pa kupeleka shule na dawa. Hapa hapa Tabora kipo Chuo cha Ardhi, ambako wanafundisha mambo ya ramani na usimamizi wa ardhi. Nikamwambia kwamba sijui bado kama nitakuwa mpima ardhi, au mtu wa takwimu, au mwalimu wa Jiografia. Lakini najua masomo yanayofika huko.

Baba alifunga mafungu mawili matatu ya tumbaku, ndipo akasema, "Sikujua kwamba kuna kazi ya kupanga hayo. Mimi nilidhani barabara huja tu." Baada ya muda akasema tena, "Andika hayo uliyosema. Lakini usome kweli." Jioni nilimwona peke yake akitazama njia ya kwenda mbugani. Sikumfuata. Najua bado angependa daktari nyumbani mwake, nami sikumdanganya kwamba hilo halimwumi.

Nimeandika EGM kuwa ya kwanza, PGM ya pili na HGE ya tatu. Uchumi sijausoma bado, kwa hiyo nimeazima kitabu kwa mwalimu nionje kabla ya kufika. Katika miaka hii ya karibuni Serikali imewapa wanafunzi nafasi ya kubadilisha machaguo yao kwa mtandao baada ya matokeo kutoka. Basi matokeo yangu yakija kinyume na ripoti, nitakaa tena na penseli.

Neno la mwisho

Kwa wadogo zangu wa Kidato cha Pili na cha Tatu: anzeni kuuliza sasa, msingoje fomu. Wahenga walisema njia mbili zilimshinda fisi. Zilimshinda kwa sababu alisikia harufu mbili asijue ya kufuata, wala hakuuliza mtu. Kwa wazazi wetu: tunaomba mtuulize ripoti zetu zasemaje kabla ya kutuambia tuwe nani, na mtueleze pia kwa nini mnatutakia kazi fulani. Baba aliponieleza ya moyoni mwake, nami nikamweleza ya kwangu, tulipata njia ambayo hakuna mmoja wetu aliyekuwa ameijua. Na kwa walimu wetu: tunawashukuru, tena twawaomba mtuletee hapa shuleni wale waliosoma zamani, waje watueleze walikopita, hata wale waliozunguka kama kaka yangu. Kupotea njia ndiko kujua njia, lakini si lazima kila mtu apotee kwa zamu yake.

Nawatakia wenzangu wote wa Kidato cha Nne mtihani mwema mwezi wa Novemba.